Mnaniuliza Mfadhili Ni Nani

Vijana wangu wa chumba cha kusoma pale Bulla Pesa, nimeona mlichosambaza kwenye simu. Ukurasa mmoja wa kitabu changu, ule wenye doa la chai, na kando yake picha ya Qabale amesimama mkutanoni, ufunguo ukining'inia shingoni. Chini yake mmeandika, "Huyu hapa. Aliandikwa zamani." Halafu Hassan akanitumia ujumbe: "Mzee wa vitabu, thibitisha neno moja tu. Mfadhili wa kwenye kitabu ni yeye ama si yeye?"

Kwanza, Hassan, nina miaka arobaini na kitu. Mzee ni baba yako. Pili, sijui.

Najua jibu hilo halitawatosha. Qabale anagombea kiti cha wadi, kura iko karibu, na mnaamini kwamba mtu aliyeuza vitabu muda wote ule lazima ajue kilichomo ndani yake. Lakini kitabu hicho kiliwahi kumwangusha mtu mara moja nikiwa nimekishika mkononi, na mpaka leo sijaelewa kama alistahili. Kwa hiyo badala ya neno moja nitawapa mengi. Mkimaliza mtakuwa mmechanganyikiwa kama mimi, na hapo tutakuwa sawa.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka vitabu kwenye minada ya mifugo. Natoka Isiolo na magunia mawili, napanda lori linaloenda kuchukua ng'ombe, nashuka Kinna, Garbatulla, popote penye mnada. Kwenda kulikuwa raha. Kurudi, ng'ombe wanasimama chini na sisi tunakaa juu kwenye vyuma, na magunia yanafungwa juu pamoja nasi. Ukiyaacha chini, hakuna mteja atakayenunua kamusi iliyokojolewa. Mpaka leo nikisikia lori la mifugo likibadilisha gia pale barabarani, miguu inataka kusimama yenyewe.

Wale mnaosema mnataka kuirudisha kazi hii, sikieni. Gunia la sukari ni zuri kuliko la mahindi, lakini ndani weka nailoni. Vumbi la njia ile linaingia kwenye kitabu kilichofungwa likakaa katikati ya kurasa kama limelipa nauli. Mkitandika turubai, vitabu vya dini vikae juu kabisa, kwenye kitambaa safi, na msiruke juu yake hata mkiwa na haraka. Nilifanya kosa hilo siku yangu ya kwanza Garbatulla. Niliweka msahafu chini ya kitabu cha ufugaji wa kuku, na jioni nilirudi na magunia yote mawili kama nilivyoyaleta. Hakuna aliyenigombeza. Walipita tu. Na muangalie mbuzi. Kinna, mbuzi mmoja alinilia kitabu cha hesabu kuanzia mlango wa kwanza mpaka katikati, na mwenye mbuzi akaniambia, "Huyo sasa mpeleke sekondari."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Kanana, aliyeuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Isiolo, mwanamke wa kutoka kule juu Meru, mwenye mdomo mkali na macho mabovu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natembeatembea tu mjini, nabeba miraa siku moja na mbao siku nyingine. Siku moja akaniita.

"Wewe, unajua kusoma?"

"Najua."

"Hapana. Unajua kusoma mtihani. Chukua hiki, ukikimaliza rudi nikupe kazi."

Ndicho hicho mnachokijua. Jalada hakina, jina la mwandishi halipo, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Nilikisoma wiki nzima nikakirudisha nikiwa nimekasirika. Mtu anaongea, humjui ni nani. Sentensi inaanza juu ya ukurasa na inamalizika ukurasa wa pili, na katikati yake mtu mwingine ameshaingia. Mambo ya mwisho yanatangulia. Mama Kanana alicheka mpaka akashika meza.

"Ulirudi nyuma mara ngapi?"

"Mara nyingi, nikipotea."

"Ndiyo kosa lako. Ukipotea usirudi. Endelea kurasa mbili, tatu. Kama humuoni mtu, msikilize, sauti yake utaijua tu. Na soma kwa mdomo, usisome kwa macho kama karani."

Akanirudishia kitabu, na kwa mdomo kilifunguka, kiasi. Kinahusu mji wenye visima, na mtu ambaye kila mtu anamwita Mfadhili. Ni mtu mwema, hilo msilisahau, ninyi mliosoma ukurasa mmoja. Anatoa shule, anatoa zahanati, anatoa kisima mahali ambapo kisima kilikuwepo tangu zamani. Ila kila anachotoa kinakuja na kufuli. Watu wanaimba, wanashukuru, na kidogo kidogo wanajikuta wanaomba ruhusa kunywa maji yao. Mwandishi hasemi kama Mfadhili alikusudia. Nimekisoma sijui mara ngapi, nikitafuta mahali anaposema.

Basi siku moja lori letu liliharibika kabla ya kufika Garbatulla, karibu na kisima cha watu wa Mzee Guyo. Mzee Guyo alikuwa na ng'ombe wengi wakati huo, na alikuwa mteja wangu wa ajabu. Hakujua kusoma, lakini kila nikipita alipenda kushika vitabu na kupima uzito. Alinikalisha, binti yake Qabale akaleta chai, na baada ya salaam akaniuliza kama wanavyoulizana watu wote kule mtu anapotoka safari.

"Oduu?"

Yaani habari. Nyinyi watoto wa mjini mnajibu "poa" mkaendelea na simu. Kule si hivyo. Mtu aliyetoka safari anakaa, anakunywa, halafu anatoa habari kuanzia alipotoka mpaka alipofika, mvua, majani, bei, nani amekufa, nani amehama. Anayesikiliza anaitikia "ee" kila kipande, hakatizi. Mpaka umalize ndipo anauliza, na swali la kwanza daima ni moja: uliona mwenyewe ama uliambiwa? Kulingana na jibu lako mtu anaweza kuhamisha mifugo yote kesho asubuhi.

Nilitoa habari za Isiolo, zikaisha. Fundi bado yuko chini ya lori. Mzee akaona kitabu kwenye mfuko wangu.

"Na hicho kina habari gani?"

Nikaanza kusoma kwa sauti, nikigeuza Kiswahili kuwa Kiborana changu cha sokoni. Yeye akaanza kuitikia. "Ee." Nasoma. "Ee." Sijawahi kusomea mtu namna ile. Zile sauti zisizo na majina hazikumsumbua hata kidogo, kwa sababu kwake watu wanaopokezana habari hawajitaji. Nilisoma mpaka pale Mfadhili anapozungushia kisima seng'enge na watu wanampigia makofi. Fundi akapiga honi, tunaondoka. Mzee Guyo akanishika mkono.

"Hii uliona mwenyewe ama uliambiwa?"

Nikasema, "Nimesoma."

Akatikisa kichwa polepole, akauachia mkono. Nikapanda lori nikiwa na furaha kwamba nimepata msikilizaji. Sikujua kwamba katika utaratibu ule kuna majibu mawili tu, na jibu langu halikuwa lolote kati ya hayo. Ilimbidi aliweke mahali. Aliliweka kwenye "nimeona".

Safari iliyofuata nilikuta habari imefika Garbatulla kabla yangu. Kuna mtu anakuja kufunga visima, wanaambiana. Ataanza kwa zawadi. Na ilikuwa msimu wa siasa, kwa hiyo hawakukosa wa kumvika joho hilo. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja, jina lake mniachie, tajiri wa kandarasi, aliyekuwa anataka kiti na ameahidi watu wa Guyo pampu ya sola kwenye kisima chao. Vyuma vilikuwa tayari vimeshushwa. Wazee walikuwa wanajiandaa kukaa, kama wanavyokaa kule kabla ya kila uchaguzi, kuamua nani wamsimamishe. Wakakaa. Mzee Guyo akatoa habari aliyoipokea, yote, kwa mpangilio, bila kuongeza neno. Wakakataa pampu, na wakamkataa mheshimiwa.

Mheshimiwa mwenyewe alinijia mnadani, mbele ya turubai langu. Nilidhani atalipiga teke. Alichuchumaa.

"Wewe ndiye unauza kitabu kinachonitaja?"

"Hakikutaji, mheshimiwa. Na hakiuzwi, hakina jalada."

"Soma."

Nikasoma kipande cha seng'enge. Mwanzoni alikuwa anacheka, watu wanatuangalia. Halafu akainama karibu na ukurasa.

"Nani alimwambia huyu mwandishi?"

"Hakuambiwa. Aliandika zamani, wewe ukiwa bado shule."

"Basi aliniona wapi?"

Sidhani alikuwa anatania. Akainuka, akajikung'uta magoti. "Ndugu yangu, weka sola bila seng'enge na kufuli, wiki moja utakuta vyuma vitupu. Kitabu chako kimesema hilo?"

Hakijasema. Nilikitafuta baadaye ukurasa kwa ukurasa, hakuna mahali mtu anaiba sola, nadhani wakati ule hazikuwepo. Mheshimiwa alihamishia pampu upande wa Rapsu, kwa wakulima. Kura alishindwa. Mimi mwenyewe nilipita Rapsu baadaye nikaiona: seng'enge, kufuli, ufunguo uko kwa shemeji yake. Na maji yalikuwa yanatoka, nyanya nyekundu mpaka barabarani. Nikasimama pale na kitabu mfukoni sijui nicheke ama nifanye nini. Kila kitu kilichoandikwa kilikuwa pale, na watu walikuwa wanakula nyanya.

Kisha ukaja ukame. Kwenye kisima cha Guyo maji yalishuka chini, wakawa wanavuta kwa kamba na ndoo. Nilimkuta Qabale akivuta, viganja vimefungwa vitambaa. Aliponiona hakuacha kazi.

"Mwenye kitabu amefika," aliwaambia wenzake. "Mpisheni, ametuletea kufuli lingine."

Wanawake wakacheka, lakini si kicheko cha kukukaribisha. Nikashika kamba nikavuta naye. Nilidumu kidogo tu, ngozi ya viganja ikatoka, wakacheka tena, safari hii vizuri zaidi.

Ng'ombe wa Mzee Guyo waliisha karibu wote. Je, pampu ingewaokoa? Majani pia yalikuwa yameisha, na ng'ombe hali maji. Wengine wanasema wangepona nusu. Mzee mwenyewe hakunilaumu. Alinikalisha kama zamani, hakuna maziwa ya kutia kwenye chai, akaniambia, "Uliniambia umesoma. Mimi nilidhani kusoma ni kuona kwa mbali."

"Si hivyo, mzee."

"Basi ni nini?"

Nikajaribu. Nikasema ni mtu amekaa nyumbani amefikiria watu ambao hawapo. Akasema, "Hawapo, na wewe umetoka Isiolo kuja kunipa habari zao." Nikasema wapo kidogo. Tukaacha hapo. Alifariki mwaka ambao mvua ilirudi.

Qabale ndiye aliyenidai mwisho wa kitabu. Alisema, "Baba alikataa pampu ya kisima chetu kwa habari ambayo haijaisha. Maliza." Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, kwa hiyo tulisoma zamu, yeye ukurasa, mimi ukurasa, chini ya ukuta wa mabati wa boma lao. Na ninyi ambao hamjafika mwisho, mwisho ni huu. Mfadhili ameondoka, hatuambiwi alikokwenda. Seng'enge ipo, kufuli lipo. Mtu asiyetajwa anakuja langoni, na maneno ya mwisho ya kitabu ni "Nipe ufunguo." Anayesema hayo hatumjui. Anayeambiwa hatumjui.

Nilimwambia Qabale ni mtoto wa Mfadhili, amekuja kurithi.

"Wacha ujinga, Mutuma. Ni mwanamke ana mtungi."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anaongea kwa kifupi hivyo? Amechoka."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, na doa lile mnaloliona kwenye simu zenu ni la siku hiyo. Aliweka kikombe pale kwa hasira.

Kazi yangu ilikufa bila kelele. Serikali ikaanza kupeleka vitabu shuleni moja kwa moja, simu zikaingia, mgongo nao ukachoka na magunia. Mama Kanana alirudi kwao Meru. Mimi nikazunguka, nikalinda geti huku, nikauza viatu kule, sikai mahali. Niliporudi Bulla Pesa nilikuwa na chumba cha kupanga na kitabu kimoja. Mkakiomba, nikawapa. Nilifurahi kwamba kuna vijana wanataka kitu kigumu. Mlinisomea sehemu zenu kwa sauti, Hassan akagundua mahali fulani ambapo mimi siku zote nilidhani anaongea mtu mmoja, kumbe ni wawili. Halafu nikaona ile picha.

Kwa hiyo wiki jana nilipanda gari mpaka Garbatulla, nikachukua bodaboda mpaka kwa Qabale. Sasa wana pampu. Ilikuja kwa mheshimiwa mwingine, baada ya miaka, na wazee hawakuuliza kitabu. Qabale aliongoza kamati ya maji, na sasa ndiyo hiyo wadi anayoitaka. Ufunguo uko shingoni, kweli. Kuna wanaosema anafungua mapema kwa ukoo wake. Kuna wanaosema bila yeye pampu ingekuwa imeuzwa. Niliuliza watu kadhaa njiani na nilipofika nilikuwa najua kidogo kuliko nilipotoka.

Salaam, kiti, chai. Halafu, kama baba yake:

"Oduu?"

Nikamtolea habari kuanzia Isiolo. Mvua, bei ya mbuzi, barabara. "Ee." Nikafika kwenu. Nikamwambia vijana wa Bulla Pesa wametoa ukurasa kwenye kitabu, wameweka na picha yako, wanasema Mfadhili ni wewe. "Ee." Nikamwambia habari hiyo imefika Kinna, mwenye bodaboda alinisimulia bila kunijua. "Ee." Nikamwambia wananisubiri niseme neno moja. Habari ikaishia hapo.

Alizungusha kikombe.

"Kwamba mimi ni yeye. Uliona mwenyewe ama uliambiwa?"

Nilifungua mdomo na neno lile lile nililompa baba yake, "nimesoma", likafika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikasema, "Qabale, mimi kiu inaniua."

Akanitazama, akavua ufunguo shingoni akanirushia. "Kisima unakijua."

Nikaenda peke yangu. Kufuli ni la kawaida, la dukani, limepakwa mafuta vizuri. Nikafungua lango, nikanywa kwenye bomba, maji baridi yenye chumvi kidogo kama zamani. Ile kamba yetu ya ndoo bado imeviringishwa kwenye kona, imekauka. Nikatoka. Mbuzi walikuwa wanakuja wakinusa lango, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukarudisha kufuli ukalibana. Nikabaki nimesimama nje ya seng'enge na ufunguo mkononi.

Mama mmoja akatokea na mtungi mgongoni, mtu nisiyemjua, naye hanijui. Hakutoa salaam. Jua lilikuwa kali na alikuwa ametoka mbali. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Vijana, nilikuwa nimeyasoma maneno hayo sijui mara ngapi, kwa mdomo na kwa macho, na nilikuwa nimebishana juu yake mpaka chai ikamwagika. Nilisimama nikimwangalia kama mtu aliyepotea ukurasa. Akaunyakua ufunguo kwenye mkono wangu, akafungua, akaingia, akaacha lango wazi nyuma yake. Mbuzi wa kwanza akapita katikati ya miguu yangu.

"Unaangalia nini wewe?" akasema bila kugeuka. "Funga, mbuzi wanaingia."

Nikafunga.